Mjumbe Aliyechelewa

Msomaji wangu, andika tarakimu mbili katika karatasi: nane na tatu. Zisome kutoka kushoto, utapata 83. Zigeuze, utapata 38. Tofauti ya nambari hizo mbili ni 45, na kwa ajili ya tofauti hiyo mbuzi wawili waliuzwa Kakuyuni mwezi wa Agosti mwaka 2024, nami nikapata fedheha ambayo sijaisahau hata leo. Kisa chenyewe nitakusimulia. Lakini hakifahamiki vema bila ya kueleza kwanza chombo kilichohusika, maana kosa la kalamu lilikuwa mwanzo wake tu.

Kakuyuni, kwa wewe usiyeijua, iko katika njia itokayo Malindi kwenda lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki. Ni nchi ya mahindi, miembe na mikorosho, na Mto Sabaki hupita upande wake wa kaskazini. Mawasiliano ya simu yapo, ila yana tabia za mgeni asiye na adabu: huja asipotazamiwa na huondoka bila ya kuaga. Nyumbani kwangu hupatikana chini ya mwembe mmoja, upande wa magharibi, na hata hapo ni lazima mtu asimame.

Zamani alama za mitihani tuliziandika katika daftari kubwa lililofungiwa kabatini, na mwalimu wa darasa akakesha akijumlisha. Baadaye ikaja kompyuta moja ya ofisini. Mwaka 2023 tukaletewa programu mpya. Kila mwalimu aliweza kuingiza alama kwa simu yake mwenyewe, popote alipo, na alama hizo tukaambiwa zinakaa winguni. Usidhani ni wingu la mvua. Ni majumba makubwa ya kompyuta za watu wengine, aghalabu ng'ambo ya bahari, yanayopangishwa kama vyumba. Tuliipenda programu ile. Nilipogusa jina la mwanafunzi, alama zake zilitokea kabla sijaondoa kidole. Siku ya matokeo wazazi wengi mno, wa shule nyingi, walizitazama kwa saa moja ileile, na haikulegea hata kidogo. Sisi tuliozoea kompyuta ya ofisini, ambayo walimu watatu wakiitumia pamoja ilikuwa ikipumua kama mgonjwa wa pumu, tuliona kuwa tumefika.

Wepesi ule ulitoka wapi? Ruhusu niueleze kwa jambo tulijualo sote.

Msiba unapotokea kwetu, watu hufika matangani kutoka pande zote, na kila afikaye hutoa mchango wake naye huandikwa jina. Akiwapo karani mmoja mwenye daftari moja, habari zake ni za kuaminika kabisa. Lakini watu wakizidi, mstari hufika barabarani, na karani akienda kula kazi husimama. Sasa weka makarani watatu, kila mmoja na daftari lake. Mtu humwendea yeyote aliye karibu, huandikwa mara moja na kwenda zake, kisha karani yule humtuma kijana awapelekee wenzake wawili habari, nao wanakili. Mstari hautakuwapo tena. Karani mmoja akiugua, wawili wanaendelea. Ila kuna jambo moja. Ukimwuliza karani wa pili kabla kijana hajafika, atakuambia kwa unyofu wa moyo, "Jina lako halimo." Hasemi uongo, hajapata habari. Ukirudi baadaye kidogo atakuambia limo.

Hifadhidata za namna ya kwanza, za daftari moja lenye safu na mistari, zilitokana na fikra za Edgar Codd, aliyezitangaza mwaka 1970, nazo huulizwa kwa lugha iitwayo SQL. Za namna ya pili ni nyingi na hazifanani, lakini watu wamezikusanya chini ya jina moja la NoSQL. Mwaka 2007 wataalamu wa kampuni ya Amazon walichapisha makala juu ya ghala lao waliloliita Dynamo. Shida yao ilikuwa kikapu cha mnunuzi dukani mwao: walitaka mnunuzi asikataliwe kamwe kutia kitu kikapuni, hata kama baadhi ya kompyuta zimekufa. Wakakubali gharama yake. Nakala mbili za kikapu zikitofautiana, huchanganywa, na mara nyingine kitu alichokwisha kukitoa mnunuzi huonekana kimerudi kikapuni. Kwa muuza duka si hasara kubwa. Mwaka 2008 Facebook nao wakalitoa ghala la Cassandra, na mmoja wa waliolibuni, Avinash Lakshman, alikuwa ameshiriki katika kazi ya Dynamo. Mwaka 2012 Amazon ikaanza kupangisha kwa umma ghala la wingu liitwalo DynamoDB. Nguvu zake ni za kustaajabisha: katika mnada wao wa Julai 2023, lilipozidiwa kuliko nyakati zote za mnada huo, lilijibu maombi milioni 126 kwa sekunde moja.

Yapo mambo ambayo hayavumilii ghala la namna hii kuachiwa lijiendee. Fedha ni mojawapo. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007 tumejifunza kulipa karo kwa simu, na hakuna mzazi atakayekubali karo yake isomeke imelipwa Malindi na haijalipwa Kakuyuni. Katika fedha ni heri chombo kikatae kuliko kubahatisha. Katika picha za harusi, hapana neno. Alama za mwanafunzi ziko upande gani? Swali hilo hakuna aliyetuuliza sisi walimu, nasi, kwa kufurahia wepesi, hatukujiuliza.

Waundaji wenyewe wanajua kuwa liko la kuchagua. Katika DynamoDB kuna kusoma kwa namna mbili: kusoma kwa uhakika, ambako ni lazima upewe neno la mwisho lililoandikwa, na kusoma kwa subira, ambako huenda ukapewa neno la muda mfupi uliopita. Namna ya pili hugharimu nusu ya bei ya ile ya kwanza, na ndiyo upewayo usipotaja uitakayo. Ghala lililobeba alama zetu lilikuwa la jamii hiyohiyo. Jina lake na jina la kampuni iliyotuletea programu nayaacha.

Sasa kisa chenyewe. Ilikuwa mwisho wa muhula wa pili. Usiku wa Jumanne niliketi nyumbani na karatasi za Kiswahili za Kidato cha Tatu, nikaziingiza alama katika simu. Mawasiliano yalikuwapo mwanzo. Yalipokatika nilikuwa nimebakiza majina kumi. Sikujali, kwa kuwa simu iliniambia kila alama imehifadhiwa. Haikusema imehifadhiwa wapi. Zile kumi zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya simu tu, zikingoja njia. Katika hizo kumi, kwa uchovu, moja niliigeuza: binti aliyepata 83 nikamwandikia 38.

Jumatano niliketi mbele ya kompyuta ya ofisini nikaona majina kumi ya mwisho hayana alama. Nikafungua karatasi nikaziingiza upya, moja baada ya moja, safari hii bila ya kosa. Nilimwona yule binti na 83 yake kwa macho yangu. Alhamisi kioo cha simu kilivunjika, nikaipeleka kwa fundi Malindi. Ijumaa mchana fundi alimaliza kazi, akaiwasha ajaribu. Simu, ikiwa imefika penye mawasiliano mazuri, ikakumbuka kuwa ina amana ya watu, ikazituma zile alama kumi. Mimi sikuwapo, nilikuwa darasani Kakuyuni. Tisa zilikuwa sawa na zile nilizoziandika ofisini, kwa hiyo hapana aliyegutuka. Moja ilikuwa 38. Ghala likaigonga muhuri wa saa iliyofika, si saa iliyoandikwa. Na kwa kuwa sheria yake ilikuwa kwamba neno la mwisho ndilo neno, likaifuta 83. Jioni ile ripoti zikachapishwa.

Jumatatu, siku ya kufunga shule, yule binti alinijia na ripoti mkononi. Alikuwa mtoto wa maneno machache. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ni yangu?" Nikatazama, nikafungua programu, nikaona 38 ileile. Nilikuwa na haraka. Nikamwambia maneno ambayo natamani ningeyameza: kwamba kompyuta haikosei, na kwamba huenda alikuwa amejisahau. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akaenda zake.

Ungeuliza kwa nini sikukumbuka. Nilikuwa nimesahihisha zaidi ya karatasi mia moja, na alama ya mtoto mmoja haikai kichwani. Lakini jibu hilo halinitoshi. La kweli ni kwamba nilikiamini kioo kuliko uso wa mtoto aliyesimama mbele yangu.

Fomu ya basari ilitaka ripoti ya muhula ibandikwe. Wastani wa binti ulikuwa umeshuka chini ya kiwango kilichowekwa, jina lake likaachwa. Wiki ya pili ya likizo baba yake alikuja kwangu. Ni mzee wa Kigiriama, mpole, na hakuja kwa ugomvi. Aliketi, akauliza habari za nyumbani, akanywa maji.

"Mwalimu," akasema, "sikuja kuuliza alama. Nimekuja kuuliza tabia. Mtoto akianguka ghafula namna hii huwa kuna jambo, na sisi wazazi ndio wa mwisho kuambiwa. Kama lipo, niambie. Mbuzi nimekwisha kuwauza, karo itapatikana. Lakini nisije nikamlipia mtu aliyekwisha kuacha kusoma."

Nikamwambia, "Mzee wangu, tabia ya binti yako haina doa."

Hapo akafungua mfuko wa plastiki akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mimi kusoma sikusoma," akasema, "lakini tarakimu za pesa nazijua. Hii ameificha chini ya godoro, mama yake ndiye aliyeiona. Mwandiko huu ni wako?"

Ilikuwa karatasi ya mtihani, na juu yake, kwa wino mwekundu, mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeandika 83 na kuizungushia duara.

Sitaeleza nilivyojisikia. Nilikwenda naye shuleni siku ileile, alama ikasahihishwa, nikaandika barua kwa waliokuwa wakigawa basari. Jibu lilikuwa la heshima: orodha imekwisha kufungwa, binti atafikiriwa mwaka ufuatao. Alifikiriwa, akapata. Mbuzi hawakurudi.

Nilimwuliza kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani afanyaye kazi za kompyuta Mombasa, jinsi jambo lile lilivyowezekana. Alinisikiliza, akacheka kidogo, kisha akaomba radhi kwa kucheka. "Mwalimu," akaniambia, "ghala halikukosa. Lilifanya lililoagizwa. Walioandika programu wangeweza kuliagiza liandike kwa sharti, yaani, 'Badili alama hii ikiwa tu bado iko kama nilivyoiona mara ya mwisho.' Simu yako ilipaona mahali patupu. Ilipokuja Ijumaa mahali hapakuwa patupu tena. Kwa sharti hilo ingekataliwa, nawe ungeulizwa. Lakini sharti ni kazi ya ziada, na wao walitaka wepesi."

Maneno hayo yalinifungua macho. Wepesi nilioupenda haukuwa mwepesi kwa kila mtu. Mtu fulani, katika mji fulani, alikuwa amepima kazi ya sharti akaona haina haja, na hakumjua yule binti. Wala mimi sijitoi. Chuoni nilikofunzwa ualimu tulifundishwa kuhesabu karatasi mara mbili kabla ya kuzikabidhi na mara mbili baada ya kuzipokea. Hatukufundishwa kuwa karatasi yaweza kutembea yenyewe siku tatu baadaye, ikaingia ofisini na kulifuta daftari. Lakini kuhesabu mara ya pili ningeweza, na sikuhesabu.

Muda si mrefu baada ya hayo nilipata kuona ghala jingine la jamii hiyo likifanya vingine. Jirani yangu ni mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale laki moja ambao serikali iliwaaga rasmi kazini na mikoba yao Nairobi, tarehe 25 Septemba 2023. Hutembea nyumba kwa nyumba, akipima watoto na kuwaandika wajawazito katika simu aliyopewa. Mfumo wanaoutumia huitwa eCHIS, nao umejengwa juu ya programu huria ambayo ghala lake ni CouchDB, kazi iliyoanzishwa na Damien Katz mwaka 2005. Hili nalo ni ghala la NoSQL, lakini liliwazia tangu mwanzo watu wa sehemu kama zetu, ambako kukatika kwa mawasiliano ni jambo la kila siku. Simu ya jirani hubeba ghala dogo lake yenyewe. Huandika shambani pasipo na mawasiliano, na jioni afikapo penye njia, maghala mawili hukutana na kupashana habari.

Nilimwuliza kama hugongana. Alisema hajapata kuona, akaendelea kuchambua mchicha. Basi nikamwuliza yule kijana wa Mombasa. Alinieleza kuwa katika CouchDB kila hati huwa na nambari ya toleo. Anayetaka kuibadili ni lazima ataje toleo alilolishika. Akitaja lililopitwa, hukataliwa. Na maghala mawili yakikutana yakiwa na matoleo mawili yaliyotofautiana ya hati moja, ghala huchagua moja la kuonyesha, lakini la pili halilitupi. Hulitunza mpaka atokee mtu, au programu, wa kuamua. Nikawaza: kama alama zetu zingekaa namna hiyo, 83 na 38 zingekutwa zimeketi pamoja, na mtu angelazimika kuuliza iliyo ya kweli ni ipi. Ni polepole zaidi, tena huleta udhia, na programu isipoandikwa vema hakuna atakayekwenda kulitazama toleo lililowekwa kando. Kwa alama za mtoto ningeuchagua udhia huo.

Wala usidhani kuwa mambo haya huwapata walimu wa mashamba tu. Tarehe 20 Oktoba 2025 kwetu ilikuwa sikukuu ya Mashujaa, nilikuwa nikipalilia. Saa nne asubuhi kasoro dakika 12, kwa saa za hapa, ghala la DynamoDB la Virginia, Marekani, lilitoweka. Taarifa zote zilizokuwamo zilikuwa salama. Kilichopotea ni anwani. Huduma nyingi za dunia zikayumba nalo, miongoni mwazo Snapchat na Duolingo. Anwani ilirudishwa baada ya saa mbili na nusu hivi, lakini huduma nyingine zilizolitegemea zilichechemea mpaka usiku.

Nilipoisoma sababu waliyoitangaza wenyewe, nililiacha jembe nikaketi chini. Walikuwa na watumishi, si watu bali programu, waliopewa kazi ya kuandika anwani kwa kufuata mipango iliyotolewa moja baada ya moja. Mmoja alicheleweshwa njiani akiwa na mpango wa zamani. Mwenzake akatangulia na mpango mpya, akauandika, kisha akaanza kufagia mipango iliyopitwa na wakati. Wakati huohuo yule aliyechelewa akafika, akauandika mpango wake wa zamani juu ya ule mpya, kwa maana alikuwa ametazama tarehe kabla ya kucheleweshwa na hakutazama tena. Mwenye kufagia akauona mpango mkongwe, akaufuta kama alivyoagizwa. Ikabaki anwani tupu.

Hii ilikuwa simu yangu kwa fundi, wino kwa wino! Tofauti ni kwamba wao walikuwa na wataalamu waliokesha, nami nilikuwa na mzee mwenye mfuko wa plastiki.

Programu ya shule bado tunaitumia, wala sitaki irudishwe kompyuta ile ya ofisini. Kampuni iliarifiwa, na sasa simu ikileta alama mahali palipokwisha kuandikwa, huuliza. Mimi nami siziingizi alama usiku tena. Ripoti zikitoka huzipeleka darasani pamoja na karatasi za mtihani, na kila mwanafunzi hulinganisha mwenyewe kabla sijatia sahihi. Jambo hilo hutumaliza kipindi kizima, na wenzangu wengine hunung'unika.

Mwaka jana, kabla ya yule binti kuufanya mtihani wake wa Kidato cha Nne, nilimwomba ile karatasi ya 83 nikaionyeshe katika mkutano wa walimu. Alifikiri kwa muda. Kisha akaileta, imekunjwa mara nne vilevile, akaniambia kwa sauti yake ya chini kwamba atanikopesha mpaka kesho saa nne, na kama sitaona vibaya, nimwandikie hati kuwa nimeipokea.

Nilimwandikia, nikatia tarehe na saa.